Pointi Sita, Hoja Moja

"Jadili sababu za Vita vya Majimaji." Swali hili, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, limewapitia wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania kizazi baada ya kizazi, na jibu lake nalo lina sura inayofahamika. Utangulizi unaeleza vita vilikuwa vya nani na nani, vilipiganwa wapi, kuanzia 1905 hadi 1907, kisha unafungwa kwa kusema kwamba zifuatazo ni sababu zake. Zinafuata aya sita. Kila aya ina pointi yake, na pointi imepigiwa mstari kwa rula ili msahihishaji asiipite bila kuiona: kodi, kazi za shuruti, kilimo cha pamba, ukatili wa maakida, kunyang'anywa ardhi, imani juu ya maji ya Kinjikitile. Mwisho linakuja hitimisho. Linaanza na "Kwa ujumla" na kuzirudia pointi zilezile kwa ufupi, au linataja madhara ya vita kwa sababu muda haujaisha na ukurasa bado una nafasi.

Kijana aliyeandika hivyo ametii kila alichoambiwa. Utangulizi anao, kiini anacho, hitimisho analo. Mambo aliyoyataja ni ya kweli na alama zake atazipata. Ila zichukue zile aya sita uzichanganye: ya tano iwe ya kwanza, ya pili iende mwisho. Insha haitaumia popote. Hakuna sentensi itakayopoteza maana, hakuna wazo litakalokosa mguu wa kusimamia. Pointi zimekaa pamoja kama abiria wa daladala, kila mmoja na kituo chake, na hakuna anayemjua mwenzake.

Kilichoandikwa hapo ni orodha iliyovalishwa aya. Sura hii inahusu safari ya kijana kutoka kwenye orodha hiyo hadi kwenye hoja, na kazi ya mwalimu katika safari hiyo. Naamini tumekosea mahali pa kuanzia. Tumefundisha muundo wa insha kama vyumba vitatu vinavyosubiri kujazwa, ilhali muundo huzaliwa na kile ambacho mwandishi ameamua kukisema. Kijana ambaye hajaamua anasema nini hawezi kujua aya ipi itangulie, hata umchoree mchoro wa utangulizi, kiini na hitimisho mara mia.

Orodha haitokani na uvivu. Inatokana na darasa lenye wanafunzi sabini, silabasi ambayo haina budi kumalizika, na mtihani unaolipa alama kwa kila pointi. Mwalimu anaandika muhtasari ubaoni, wanafunzi wanaunakili kwenye kaunta buku, wanaukariri, kisha wanaurudisha kwenye karatasi ya mtihani. Huko Kenya tatizo hilohilo limevaa nguo nyingine. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, mtahiniwa anaandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja isipungue maneno 400 na iwe na alama 20. Wengi huingia chumba cha mtihani wakiwa wamekariri mianzo iliyopambwa kwa tashbihi na methali, tayari kuibandika juu ya swali lolote litakalokuja. Mtanzania amebeba pointi, Mkenya amebeba mapambo, na wote wawili wamekuja na jibu kabla ya kulisoma swali.

Mwaka 1987 watafiti wawili wa Toronto, Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, walichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya uandishi ambacho kila mwalimu wa insha angenufaika nacho. Walitofautisha namna mbili za kuandika. Katika ya kwanza, mwandishi analisoma swali, analiokota neno analolifahamu, kisha anamwaga kila anachokikumbuka kuhusu neno hilo mpaka kumbukumbu ikauke. Katika ya pili, mwandishi anakutana na tatizo la kile anachokijua: jambo hili halipatani na lile, ushahidi huu haufiki ninapotaka ufike. Analazimika kurudi kufikiri upya, na kwa kurudi huko anamaliza akiwa anajua zaidi ya alivyojua alipoanza. Namna ya kwanza huja yenyewe kwa mtoto yeyote anayejua kuandika. Ya pili haiji yenyewe. Hufundishwa, na huchukua miaka.

Tulifuate swali letu la Majimaji tuone ya pili inafanyaje kazi.

Mwalimu asiulize kwanza sababu ni zipi. Aulize: kwa nini 1905? Darasa litanyamaza, maana muhtasari haukuliuliza swali hilo. Kisha mikono itaanza kunyanyuka. Kodi? Kodi ya nyumba ilianza 1898, miaka saba kabla. Ukatili wa maakida? Huo nao ulikuwepo siku nyingi. Basi ni kitu gani kilikuwa kipya? Hapo wataifikia pamba. Chini ya gavana Gustav Adolf von Götzen, kuanzia 1902, serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya za pwani na za kusini. Watu waliondolewa kwenye mashamba yao ya chakula wakalime pamba chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, kwa ujira mdogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kuupokea. Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete waliingia shambani wakang'oa mipamba. Mwombe kijana alitafakari hilo kidogo: tendo la kwanza la vita halikuwa kumpiga askari, lilikuwa kung'oa mmea. Sasa pointi ya pamba imepata uzito ambao pointi ya kodi haina, na mwanafunzi ameujua uzito huo kwa kupima mwenyewe.

Swali la pili: vita vilitokaje Umatumbi vikaenda mbali hivyo? Pamba haitoshi kulijibu, kwa kuwa mashamba yale yalikuwa hasa ya upande wa pwani, na Ungoni haukuwa kitovu chake. Hapa anaingia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Tangu 1904 watu walikuwa wakimwendea, wakapewa maji, wakarudi nayo kwao pamoja na ahadi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya mapigano kuanza. Na vita havikufa naye. Vilienea kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wangoni, vikaendelea hadi 1907. Kijana aliyezoea kuandika kwamba Kinjikitile aliongoza vita vya Majimaji inabidi asimame ajiulize: mtu aliyeuawa mwanzoni kabisa aliongozaje vita vya miaka miwili? Kilichosafiri kilikuwa imani yenyewe, ikibebwa na wengine, na kila ilipofika ilikuta malalamiko ya mahali pale. Wangoni walikuwa na kinyongo chao: watawala wao walikuwa wamepoteza nguvu tangu Wajerumani walipofika Songea mwaka 1897.

Mwanahistoria John Iliffe aliweka tofauti hii wazi katika makala yake ya 1967, kati ya kilichowasha vita na kilichovieneza. G.C.K. Gwassa naye alikuwa akizunguka kusini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado hai. Mwanafunzi wa kidato cha tatu si lazima ayajue majina hayo. Ila mwalimu akiyajua, atajua kwamba anapowauliza wanafunzi wake "kwa nini 1905" anawaingiza katika mjadala halisi wa wanahistoria, ambao ulifanyika Dar es Salaam na ambao mwanafunzi wa Kilwa au Songea ana haki ya kuushiriki.

Halafu swali la tatu, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: mbona Wahehe hawakuingia? Watu hawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891. Walipigana mpaka mtawala wao, Mkwawa, alipojiua mwaka 1898. Kama malalamiko ndiyo yanayoleta vita, Wahehe walikuwa nayo tele. Hata hivyo hawakuungana na waasi wa 1905. Basi malalamiko peke yake hayatoshi kueleza nani alipigana na nani hakupigana. Wapo wanafunzi watakaosema Wahehe walikuwa wamechoka na vita vya miaka saba. Wapo watakaosema kambi ya Wajerumani ya Iringa ilikuwa karibu mno. Wengine watakumbuka uhasama wao wa zamani na baadhi ya majirani. Waacheni wabishane.

Baada ya ubishi huo, kijana yuko tayari kuandika sentensi ambayo insha nzima itaitegemea. Naiita dai. Linaweza kuwa hivi: "Kilimo cha shuruti cha pamba ndicho kilichowasha vita Umatumbi mwaka 1905, lakini vita visingefika Ungoni bila imani ya maji, iliyowapa watu wenye malalamiko tofauti sababu moja ya kusimama pamoja." Angalia sentensi hiyo inavyoamua mambo. Aya kuhusu kodi na maakida inakuja mwanzo, kama hali iliyokuwepo kabla ya moto. Pamba inafuata, kwa sababu ndiyo iliyouwasha. Maji hayawezi kutangulia pamba, maana kazi yake ni kueleza kuenea. Wahehe wanakuja mwishoni, kama jaribio la dai lenyewe. Jaribu kuzichanganya aya hizi na insha itabomoka. Muundo umepatikana bila mwalimu kusema neno muundo.

Na dai si lazima liwe hilo. Mwanafunzi mwingine anaweza kusema maji yalikuwa na nguvu kubwa zaidi hata Umatumbi kwenyewe. Mwingine anaweza kushika ardhi na kazi za shuruti. Mwalimu anayetaka insha sabini zenye dai moja amerudi kulekule kwenye muhtasari wa ubaoni.

Tofauti inaonekana hata ndani ya aya moja. Aya ya orodha husema: "Sababu nyingine ni kilimo cha pamba. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba. Watu waliteseka sana. Hivyo walichukia na kuanzisha vita." Sentensi nne, na ile ya mwisho inaruka kutoka kwenye chuki hadi kwenye vita bila daraja. Aya iliyobeba hoja husema: "Kodi na ukatili wa maakida vilikuwepo tangu miaka ya 1890, lakini havikuleta vita. Jambo jipya lilikuwa mashamba ya pamoja ya pamba, yaliyoanzishwa kuanzia 1902. Mkulima alipokwenda kulima pamba, shamba lake la chakula lilibaki pori, na ujira aliopewa haukuweza kuziba pengo hilo. Ndiyo maana watu wa Nandete walianza uasi wao kwa kung'oa mipamba: walikishambulia kile kilichokuwa kikiwaua kwa njaa." Msamiati wa aya ya pili si mgumu kuliko wa ile ya kwanza. Kilichoongezeka ni "lakini", "jambo jipya" na "ndiyo maana", yaani maungo yanayolishika wazo moja na kulifunga kwa jingine.

Maungo hayo yanaweza kufundishwa moja kwa moja. Nchini Marekani, Judith Hochman, aliyekuwa mkuu wa Windward School huko New York, alijenga mfumo mzima wa kufundisha uandishi kuanzia kwenye sentensi. Zoezi lake maarufu ni jepesi kiasi cha kudharaulika, nami nimelipenda tangu nilipolifahamu. Mwalimu anatoa mwanzo wa sentensi na mwanafunzi anaukamilisha mara tatu, kwa viunganishi vitatu. Kwetu litakuwa hivi: "Watu wa Umatumbi waling'oa pamba kwa sababu…", "Watu wa Umatumbi waling'oa pamba, lakini…", "Watu wa Umatumbi waling'oa pamba, kwa hiyo…" Ya kwanza ni rahisi kwa karibu kila mtu. Ya tatu inamtaka mwanafunzi ajue kilichofuata. Ya pili ndiyo inayowakwamisha, na kukwama huko ni habari njema kwa mwalimu, maana "lakini" humtaka mtu ashike mambo mawili yanayovutana kwa wakati mmoja. Aliyeweza "lakini" ameanza kujadili. Zoezi lote linachukua dakika kumi, halihitaji kitabu, na kusahihisha sentensi tatu za wanafunzi sabini kunawezekana.

Shule zetu zina hazina nyingine ambayo tumeiacha nje ya somo la insha: mdahalo. Ukumbini, kijana anasimama, anamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na hadhira, anataja upande anaouunga mkono, anatoa hoja, na anamsikiliza mpinzani kwa makini ili amjibu. Binti ambaye kwenye karatasi huorodhesha tu, ukumbini anasema, "Msemaji aliyetangulia amedai hivi, lakini amesahau jambo moja." Ujuzi tunaoulilia upo tayari, upo mdomoni. Kazi ni kuuvusha hadi kwenye karatasi. Mwalimu anaweza kuufanya mdahalo Jumatano kuhusu swali la Wahehe, na Alhamisi kila mmoja aandike aya moja inayoanza kwa kumtendea haki mpinzani wake kabla ya kumjibu. Nasisitiza kumtendea haki. Kijana anayeandika hoja ya mpinzani kwa namna ya kuidhalilisha hajifunzi chochote, na msomaji hamwamini.

Kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi kuna hatua ambayo walimu wengi huiruka, nayo ni kuandika pamoja. Huko Sydney, kuanzia miaka ya 1980, J.R. Martin, Joan Rothery na wenzao walifanya kazi katika shule za watoto wa familia zenye kipato kidogo, wakaiweka hatua hii katikati ya mafundisho yao. Kwanza darasa linasoma mfano mzuri na kuufumua ili kuona kila sehemu inafanya kazi gani. Kisha mwalimu na wanafunzi wanaandika insha moja kwa pamoja. Ndipo kila mtu anaandika yake. Sisi huanza mara nyingi na hatua ya tatu. Tunaandika swali ubaoni, tunasema "andikeni", tunarudi ofisini.

Kuandika pamoja hakuhitaji zaidi ya ubao na chaki. Mwalimu anauliza, "Aya ya pamba tuianzeje?" Mmoja anatoa sentensi, mwalimu anaiandika kama ilivyo. "Inasema tunachotaka?" Mwingine anapendekeza neno jingine, mwalimu anafuta, anaandika. Wanafunzi wanaona kwa macho yao kitu ambacho vitabu huwaficha: sentensi nzuri ilikuwa mbaya dakika tatu zilizopita. Wengi wa vijana wetu wanadhani kufuta ni dalili ya kushindwa. Wamefunzwa tangu darasa la kwanza kwamba daftari safi ni daftari lisilo na mikato. Mtu mzima wanayemheshimu anapofuta mbele yao, akasema "hapana, hii haijakaa sawa", anawapa ruhusa ambayo hawakuwahi kupewa.

Mfano wa kufumua nao unatakiwa uwepo, na hapa lipo pengo kubwa. Katika fasihi kijana wetu anasoma riwaya, tamthiliya na mashairi. Insha hasomi. Tunamdai aandike aina ya maandishi ambayo hajawahi kuiona ikiandikwa vizuri, isipokuwa majibu ya wenzake kwenye pasti pepa. Shaaban Robert aliliona hitaji hili mapema: kitabu chake cha Kielezo cha Insha kilichapwa mwaka 1954, mahsusi kwa kuwaonyesha wanaojifunza insha inavyoandikwa. Sisemi vijana wa leo waandike kama yeye. Nasema kila darasa liwe na insha tano au sita, za zamani na za sasa, za gazetini na za vitabuni, ambazo wanafunzi wamezisoma kwa kalamu mkononi na kuweka alama mahali dai lilipo na mahali mwandishi anapogeuka.

Kuna jambo la lugha, na haliwezi kuepukwa. Mtanzania wa shule ya umma anasoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha anakutana na Historia, Jiografia na Baiolojia kwa Kiingereza. Tazama kinachotokea kwenye insha yake. Orodha inahitaji sarufi ndogo: nomino, kitenzi, nukta. Hoja inahitaji sarufi kubwa: ingawa, hata kama, laiti isingekuwa, kwa kadiri ambavyo. Kijana ambaye Kiingereza chake hakijafika huko anakimbilia orodha kwa sababu ndiyo pekee anayoimudu, nasi tunahitimisha kwamba hawezi kufikiri. Mpe swali lilelile kwa Kiswahili utamsikia akisema "vita visingefika Ungoni", na hiyo "-singe-" aliyoitumia bila kujikaza ni chombo kamili cha kihistoria: anaifikiria dunia ambayo jambo fulani halikutokea ili apime uzito wake.

Kwa hiyo, hata pale insha ya mwisho inapotakiwa kuwa ya Kiingereza, mjadala na mpango vifanyike kwa Kiswahili. Dai liandikwe kwanza kwa lugha ambayo kijana anaiotea ndoto, kisha darasa zima litafute namna ya kulisema kwa lugha ya mtihani. Mwalimu wa Historia asione kwamba anapoteza muda au kuvunja kanuni. Na sasa kwa kuwa mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, tuna mahali ambapo hoja na lugha vinakutana bila kizuizi. Ingekuwa hasara kubwa somo hilo nalo likageuka kuwa pointi sita za Kiswahili.

Mpango wa insha wenyewe nataka uwe mfupi. Nusu ukurasa: dai juu, chini yake sentensi ya kwanza ya kila aya, basi. Mwanafunzi azisome sentensi hizo peke yake, kwa sauti, kwa jirani yake. Jirani akiweza kufuata hoja kutoka juu hadi chini, aandike. Akipotea, tatizo limepatikana kabla ya kurasa nne kuandikwa. Utangulizi auache mpaka mwisho au aandike wa muda, kwa kuwa mtu hawezi kumtambulisha mgeni ambaye bado hajafika. Na utangulizi hauhitaji kueleza vita ni nini. Unahitaji kumwonyesha msomaji tatizo, kisha dai. Hitimisho likiweza kusema dai hilo lina maana gani kwa jambo jingine, vizuri. Likishindwa, sentensi mbili zinatosha.

Ushahidi unastahili subira zaidi. Kijana akiandika kwamba watu wengi sana walikufa, muulize wangapi, na nani alihesabu. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000. Gwassa aliyapandisha hadi kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo ni somo zima. Wengi walikufa kwa njaa, baada ya jeshi la Kijerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, na wafu wa njaa ni rahisi kuachwa nje ya ripoti ya jeshi. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hataandika tena namba kama pambo. Ataandika imetoka kwa nani na kwa nini anaiamini au anaitilia shaka.

Vipi kuhusu madaftari sabini? Mwalimu anayejaribu kusahihisha kila kosa katika kila insha atachoka kabla ya muhula kufika katikati, na mwanafunzi anayepokea ukurasa uliojaa wino mwekundu haoni pa kuanzia. Sahihisha jambo moja kwa mara moja. Wiki hii dai tu. Wiki ijayo aya moja ambayo mwanafunzi mwenyewe ameichagua kuwa bora. Pembeni andika swali badala ya hukumu: "Kwa nini 1905?" lina faida kuliko "Fafanua zaidi", kwa sababu linaweza kujibiwa. Na mwanafunzi ajibu kwa kuandika upya, la sivyo usahihishaji wote umeishia kwenye alama.

Najua walimu watakachoniuliza: mwongozo wa kusahihisha unatafuta pointi, je, mwanafunzi wangu hataumia? Haumii. Insha yenye hoja ina pointi zilezile, maana hoja haijengwi kwa hewa. Msahihishaji atazikuta kodi, pamba, maakida na maji, na akitaka mstari wa rula kijana anaweza kuupiga. Kinachohitaji mazoezi ni muda. Katika mtihani wa saa tatu, dakika tano za mpango kwa kila insha zinaonekana nyingi kwa mtoto ambaye jirani yake tayari anaomba karatasi ya ziada. Azizoee mapema, ili siku hiyo asitishike.

Mapema maana yake kidato cha kwanza. Mwaka wa kwanza uwe wa sentensi za "lakini" na "kwa hiyo". Wa pili uwe wa aya moja iliyokamilika, yenye dai dogo na ushahidi wake. Insha nzima ije kidato cha tatu, bila saa ukutani, ikiandikwa na kuandikwa tena. Saa ianze kidato cha nne. Na mwezi Januari, kabla ratiba haijabandikwa, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Historia wakae pamoja wakubaliane dai wataliita nini, mpango wataufundisha vipi, na nani ataanza, kwa kuwa mtoto mmoja anatoka kipindi cha mmoja wao na kuingia cha mwingine akiwa na daftari tofauti, na hadi leo hakuna aliyemwambia kwamba kazi ni ileile.